Mgao mmoja wa tunda: maana yake kwa mwenye kisukari

Mtu akiambiwa ana kisukari aina ya pili, mara nyingi tunda ndilo la kwanza kuondolewa mezani, huku mlima wa wali ukibaki palepale. Hapo tunda limeonewa. Mgonjwa haachi matunda. Anayahesabu kwa mgao.

Mgao mmoja ni kiasi cha tunda chenye takriban gramu 15 za wanga, sukari yake ya asili ikiwemo. Ukubwa wa tunda au utamu wake mdomoni si kipimo. Tufaha dogo ni mgao mmoja. Ndizi ikiwa kubwa, nusu inatosha. Zabibu mbichi unapata kama punje 17, ila zikikaushwa mgao ni vijiko viwili vya chakula tu, kwa sababu maji yametoka na sukari imebaki yote. Anayetafuna zabibu kavu huku akipiga soga hula migao minne bila kujua.

Juisi nayo inadanganya, hata ile uliyokamua mwenyewe bila kuongeza sukari. Mililita 120 tayari ni mgao, na glasi ya kawaida ni kama mara mbili yake. Isitoshe, nyuzinyuzi zilizokuwa zikichelewesha sukari kuingia kwenye damu zimebaki kwenye chujio. Juisi ina siku yake: sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L (kipimo kinachosomwa kwenye mashine ya sukari), hasa kwa anayetumia insulini, kasi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa.

Tikiti maji linasingiziwa sana. Katika orodha za glaisemiki indeksi, yaani kasi ya chakula kupandisha sukari, liko juu ya 70, na wengi husoma namba hiyo wakaliogopa. Lakini tikiti karibu lote ni maji. Kipande cha gramu 120 hakifikishi gramu 10 za wanga. Kasi ni kubwa, mzigo wa wanga ni mdogo. Ukila nusu ya tikiti, hiyo ni habari nyingine.

Miili haifanani, kwa hiyo pima sukari kabla ya kula tunda, kisha pima tena baada ya saa mbili. Rudia siku nyingine kwa tunda na kiasi kilekile. Mwenye tatizo la figo azungumze kwanza na daktari wake, maana kwake potasiamu ya ndizi au chungwa inaweza kuwa tatizo kuliko sukari yenyewe.