Kofia ya vitaa haisomi mawazo yako

Wengi wanaamini ile kofia ya vitaa na waya wanayovalishwa watu kwenye utafiti wa ubongo inasoma mawazo, yaani ukikaa na mtu mtafiti anaona kwenye skrini kama unampenda au unamdanganya. Ukiiona ilivyo si ajabu kufikiri hivyo.

Kinachofanyika ni hiki, vitaa vinatoa mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni, unapenya ngozi na fuvu, halafu sensa iliyo kama sentimita 3 pembeni inadaka kidogo kinachorudi. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinanyonya mwanga tofauti, kwahiyo kinachopimwa ni damu, tena ya tabaka la juu tu la ubongo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu huongezeka hapo, ila inachelewa sekunde kadhaa, wazo lenyewe lishapita zamani.

Uzuri wake watu wawili wanaweza kuvaa wakapiga stori kawaida bila kulazwa kwenye mashine, ndo maana wanaochunguza jinsi watu wanavyoelewana wanaipenda. Ila sehemu moja ya ubongo ina kazi kibao, ikionyesha damu imeongezeka huwezi kusema huyu muongo. (Nywele nyeusi nzito nazo zinameza mwanga, kero kwelikweli.)

Jaribu mwenyewe, gizani weka kidole juu ya tochi ya simu uone wekundu unavyopenya. Kile kibanio cha kidole cha hospitali kinachopima oksijeni kinatumia ujanja huohuo, na hakuna anayedai kinajua siri za mgonjwa. Ukikutana na habari za hivi angalia kwanza wamepima nini hasa.