Samaki wa Tangini Akigoma Kula: Maana Yake na la Kufanya

Samaki wa mapambo amegoma kula pale chakula alichozoea kukikimbilia kinapopita mbele yake asikiguse, au anapokidaka na kukitema, na hali hiyo ikaendelea kwa siku mbili tatu. Huo si ugonjwa wenye jina lake. Ni dalili, na mara nyingi chanzo kimo kwenye maji kuliko tumboni mwa samaki.

Wapo wasiokula na si wagonjwa. Samaki mgeni huweza kukaa siku kadhaa bila kuonja kitu kwa woga tu. Kambare wengi hungoja taa izimwe. Jike la sikilidi (jamii ya perege) linaloatamia mayai kinywani hufunga kwa takriban wiki 3. Utaliona taya limevimba kidogo chini. Liache.

Kwa wengine wote, pima maji kabla ya kununua dawa yoyote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yanayooza chini huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Tangi likiwa jipya, au sponji ya chujio ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria hao huwa hawatoshi na sumu hupanda. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, hadi damu yenyewe inageuka kahawia. Samaki wa namna hiyo utamkuta karibu na uso wa maji, anahema haraka, mapezi ameyabana mwilini. Anatafuta pumzi, chakula hakimo akilini.

Amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome 0. Zikionekana, badilisha robo hadi nusu ya maji siku hiyohiyo, kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto linalolingana na la tangini, na uongeze hewa kwa pampu. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha kumrudishia hamu. Angalia na kipimajoto: samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 hadi 27, na hita ikiharibika maji yakapoa, mmeng'enyo wao hupungua na njaa hupotea.

Kinachoniuma ni kuona mtu anaendelea kumwaga chakula akitumaini samaki ataonja. Kinaoza, amonia inapanda, mgonjwa anazidi. Samaki mkubwa aliyekuwa na afya anaweza kumaliza wiki nzima bila kula, kwa hiyo muda unao (vifaranga ndio hawawezi). Tia punje chache, subiri dakika chache, kisha toa zilizobaki.

Maji yakiwa safi na samaki bado hataki kula, mtazame mwili. Tumbo likijaa na haja haitoki, hasa kwa samaki wa dhahabu, usimpe kitu kwa siku 2 au 3, kisha mjaribu kwa njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Kinyesi cheupe, chembamba kama uzi, huweza kuashiria vimelea vya utumbo. Dawa ya kuchanganya na chakula haitamfaa asiyekula, tafuta ya kutia majini. Madoa meupe kama punje za chumvi ni vimelea vya ngozi, na hapo tangi zima hutibiwa. Magamba yakisimama mwili mzima, figo huenda zimeshindwa, na wengi hawaponi. Ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kama wenzake wanamfukuza, mhamishie kwenye tangi dogo lenye hita, chujio la sponji na mahali pa kujificha. Ukitia dawa, ondoa mkaa kwenye chujio, maana huinyonya. Dawa zenye shaba huua kamba na konokono.

Kumrudisha kwenye kula, kinachotikisika humvutia kuliko vidonge vikavu: viluwiluwi vya mbu, viroboto wa maji, au artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba) walioanguliwa karibuni. Akishaanza, mpe kidogo mara 2 kwa siku, na asirudi kwa wenzake mpaka ameze bila kutema na kinyesi kiwe na rangi ya alichokula.