Je, wajua kwa nini std::expected ya C++ ina njia mbili za kutoa jibu, na moja haikagui chochote?

Vijana wa Tanga mnaojifunza kodi (code za kompyuta) hili ni lenu. C++23 ilileta std::expected, yaani kitu kinachobeba ama jibu ama erori, sasa mbona kulitoa jibu kuna .value() na kuna nyota (*), na ukizijaribu zote zinakupa kilekile?

Chukua programu ya kurekodi samaki pale Deep Sea, soko letu la samaki. Karani anatakiwa kuingiza kilo, yeye badala ya 10 kaandika "kumi". Ukitumia atoi, ile fanksheni ya zamani ya kugeuza maandishi kuwa namba, inakurudishia 0, na mwingine akiandika 0 ya kweli inarudi 0 hiyohiyo, kwa hiyo hujui samaki hawakupatikana au karani kakosea na hesabu inaendelea tu mpaka jioni. Expected inazitenganisha hizo mbili, hapo ndo uzuri wake.

Sasa ukisoma stendadi, yaani kanuni rasmi za C++, kwenye value() imeandikwa kwamba ikikuta erori itarusha exception iitwayo bad_expected_access. Hiyo ni ahadi ya laibrari kwako. Kwenye nyota imeandikwa sharti tu: has_value() iwe kweli, yaani jibu liwepo. Wengi wanasoma hapo wanadhani laibrari ndo italihakikisha, jamani hapana, sharti hilo ni la kwako wewe unayeita, ukilivunja stendadi haikuahidi kitu tena, programu inaweza kuzima, inaweza kukupa kilo za uongo, au ikaenda vizuri kwenye mashine yako halafu ikaharibika kwa mteja.

Sababu ni spidi. Kama ushakagua kwa if, kukagua tena ni kazi ya bure, na std::optional ya C++17, kitu kinachobeba jibu au kikawa kitupu, imejengwa hivohivo.

Rust, lugha nyingine ya programu, wao wana Result inayofanana na expected, na unwrap() yake inakagua kila mara, ikikuta Err (erori) programu inapaniki, yaani inakatishwa hapohapo. Isiyokagua ipo pia, unwrap_unchecked, ila lazima uiandike ndani ya unsafe, alama ya kwamba usalama hapo unaubeba mwenyewe. Mimi hapa nawaunga mkono Rust kabisa, jina refu vile linamshtua anayepitia kodi, kinyota kimoja nani atakiona? C++26 nayo imesogea, laibrari ikijengwa kwa ulinzi sharti la nyota linakaguliwa.

Kwa hiyo, kama kilo ndo expected yako, andika if (kilo) jumla += *kilo; na kwenye else ndo uite kilo.error(). Usiiite popote pengine, maana error() nayo ina sharti lake, ukiiita wakati jibu lipo umevunja kanuni vilevile.