Si kila kichwa cha upande mmoja ni kipandauso

Wengi wanaoingia kliniki wakiwa wameshika upande mmoja wa kichwa wameshajipa ugonjwa: kipandauso. Mara nyingi hawajakosea. Ila mimi, daktari wa mishipa ya fahamu, naanzia shingoni.

Kila upande wa shingo hupita ateri kubwa ya kupeleka damu ubongoni. Utando wake wa ndani ukichanika, damu hupenya katikati ya kuta, kama upepo kati ya koti na bitana yake, na njia hubanwa. Maumivu hushika shingo, yakapanda hadi nyuma ya jicho la upande huohuo. Chanzo huweza kuwa ajali, kikohozi kikali, au kisijulikane. Halafu kuna mtindo wa vinyozi wetu: akimaliza kukunyoa anakukanda mabega, anashika kidevu na kisogo, anaizungusha shingo ghafla mpaka ilie. Kinyozi wangu anajua, shingo yangu haiguswi.

Dalili ninayoisaka ni ndogo. Nazima taa, natazama macho. Kope moja imelegea kidogo, na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko mwenzake. Gizani tofauti huzidi. Nyuzi za neva zinazopanua mboni hupanda zimeizunguka ateri hiyohiyo, nayo ikivimba huzibana. Hapo nataka picha ya mishipa ya shingo, CT au MRI, siku hiyohiyo, maana bonge la damu likichomoka hapo ni kiharusi.

Aliyevuka miaka 50 na hakuwahi kuumwa hivi, namuuliza: taya linachoka ukitafuna nyama? Kuchana nywele kunauma? Akiitikia, nashuku uvimbe wa ateri za panja, unaoweza kupofusha. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe huo, huanza kabla ya majibu ya maabara. Kwetu ni adimu kuliko Ulaya ya kaskazini, ndiyo maana tunausahau.

Jicho jekundu, matapishi, duara za rangi kuzunguka taa? Hiyo ni presha ya jicho, aende kwa daktari wa macho usiku huohuo. Paji likiungua upande mmoja, vipele vikafuata siku chache baadaye, ni mkanda wa jeshi. Kwa kijana napima na VVU.

Halafu kuna kichwa kisichohama upande wala kukatika kwa miezi, chenye jicho linalotoa machozi. Hicho naiachia indomethasini, dawa ya maumivu, ijibu: maumivu yakiisha kabisa, si kupungua, nimepata jina lake, hemicrania continua. Tumbo tu nalilinda dhidi ya dawa hiyo kwa omeprazo, ya kupunguza asidi.