Mchanga wa Visiwani Si Mchanga wa Machakos

Wakazi wengi wa Nairobi wanaujua mchanga wa lori, ule unaoletwa mjengoni kutoka Machakos. Wakiona picha za Ushelisheli, hudhani ni mchanga ule ule, ila umeoshwa na maji ya chumvi ukawa mweupe. Sivyo. Wa Machakos ni miamba iliyosagika ikabebwa na mito, nao umejaa silika, madini yanayotengenezewa kioo. Ule wa Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli, karibu wote ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa: vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa mwilini. Sehemu yake imepita tumboni mwa pono (ndiyo, huyo huyo wa usingizi wa pono), ambaye huguguna matumbawe akitafuta mwani, kisha hutoa mabaki yakiwa unga. Anayebisha atie tone la siki: chembe za chokaa hutoa povu, za silika wala hazishtuki.

Wengine huenda upande wa pili na kusema kila kisiwa cha tropiki kina mchanga wa matumbawe. Visiwa vya Mahé, Praslin na La Digue, navyo vya Ushelisheli, vimekaa juu ya matale (miamba ya graniti) ya takriban miaka milioni 750, hivyo fuo zake huchanganya chokaa na silika. Ngazidja ya Komoro, penye volkano ya Karthala, kuna mchanga mweusi wa basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba metali yoyote ikionekana kwenye vipimo vya mchanga au tope, basi bahari imetiwa sumu. Basalti ina chuma, nikeli na kromiamu kwa asili. Kiwango cha nikeli ambacho ni cha kawaida kwenye tope la Ngazidja kingezua maswali mazito Aldabra, maana chokaa haina nikeli ya kutajika. Strontiamu, metali inayofanana na kalsiamu, nayo huwatisha watu bure. Tumbawe hai huinyonya majini na kuijenga kwenye mifupa yake pamoja na kalsiamu, hata ikafika miligramu 7,000 hadi 8,000 kwa kilo. Ndiyo maana wanakemia huilinganisha kila metali na alumini, ambayo hutokana hasa na miamba na udongo, tena huangalia ukubwa wa chembe, kwa kuwa tope laini hushika metali kuliko mchanga wa chembe kubwa.

Na tope jeusi la mikokoni linalonuka mayai viza? Si lazima liwe la choo. Pasipo oksijeni, bakteria hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi hiyo yenye harufu; ikikutana na chuma, tope huwa jeusi.