Kinga ya vifaranga na gumboro: maswali ninayoulizwa bandani

Wafugaji wa Pongwe na Mikanjuni, hapa Tanga, huniita vifaranga wakishaanza kuzubaa kwa gumboro, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi. Huwa tumechelewa.

Kifaranga huanguliwa na kinga?
Ndiyo, ya mama yake. Kingamwili hupitia kwenye kiini cha yai, kisha hupungua kila siku. Ikifika wiki ya tatu, kwa wengi imebaki kidogo sana. Mama ambaye hakuchanjwa wala hakuwahi kuugua hana cha kurithisha.

Ya kwake huitengenezea wapi?
Chembe za kutengeneza kingamwili hukomazwa kwenye bursa, kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja. Mwaka 1956, huko Marekani, Bruce Glick na wenzake walionyesha kwamba kuku aliyeondolewa bursa akiwa mdogo hutoa kingamwili hafifu mno. Virusi vya gumboro hushambulia kifuko hichohicho, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 6.

Nisubiri dalili ndipo nichanje?
Usisubiri. Ukiona mharo mweupe, manyoya yamesimama na kifaranga anajidonoa nyuma, virusi vimeshaingia kwenye bursa. Chanjo ni ya kifaranga mzima. Ratiba nyingi huanza siku ya 14, kisha hurudiwa. Mwulize bwana mifugo siku unayoleta vifaranga, siyo siku ya kwanza ya msiba.

Lakini nimewapa antibayotiki.
Antibayotiki haiui virusi. Tafadhali, haiui! Kila siku unayojaribu dawa nyingine ya dukani, banda zima linaambukizwa.

Waliobaki wamepona, wasiwasi wa nini?
Bursa yao imenywea. Ukiwachanja kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, mwili hauitikii ipasavyo. Kideri kikipita kinawazoa, na mfugaji analaumu chanjo.

Nilichanja gumboro, mbona wamekufa?
Nikiuliza chanjo ilibebwaje, naambiwa mfukoni, kwenye daladala kutoka Ngamiani, jua la saa saba. Hiyo imeshakufa. Ibebe kwenye barafu. Maji ya bomba yenye klorini nayo huiua. Tumia maji safi ya kisima. Wanyime maji saa moja au mbili, kisha wape ya chanjo wayamalize ndani ya saa mbili.

Na mizoga?
Ifukie kwenye shimo refu siku hiyohiyo. Kuitupa jalalani ni kumpelekea jirani ugonjwa, kwa sababu virusi hivi hukaa bandani miezi mingi. Viatu vya bandani viishie bandani.