Maana ya kanuni za mwenendo katika klabu ya sataranji

Kanuni za mwenendo ni maafikiano ya maandishi ambayo wanachama wa klabu huyaridhia kabla ugomvi haujatokea, yakieleza tabia zisizokubalika, mtu wa kupokea malalamiko na hatua zitakazofuata. Si kitu kimoja na sheria za mchezo. Sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji lililoundwa Paris mwaka 1924, zinamkataza mchezaji kumsumbua mwenzake kwa namna yoyote ile, na zinamruhusu mwamuzi kutoa adhabu kuanzia onyo, au kumwongezea muda aliyeudhiwa, hadi kumwondoa mkosaji mashindanoni. Lakini klabu ya mtaani aghalabu hukutana bila mwamuzi, na mengi yanayoivunja hutokea nje ya ubao.

Hapa Lamu jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa tumelelewa kwenye bao na dama. Pale Mkunguni, mbele ya Ngome, watazamaji ni sehemu ya mchezo: wanashangilia, wanatania, wanamwonyesha mchezaji kete ya kusogeza, wala hakuna anayeona vibaya. Desturi hiyo hiyo ikihamia kwenye sataranji inakuwa kosa. Mtoto ananyoosha mkono amshike farasi, mtu mzima aliyesimama nyuma yake anaguna, na vidole vinasita hewani. Hakuna neno lililotamkwa, ila mchezo umekwisha kuingiliwa, na mpinzani amepokonywa kosa ambalo pengine lingempa ushindi.

Kwa nini kuandika, ilhali adabu tunayo? Kwa sababu anayekosea mara nyingi ni mjomba, jirani, au mwalimu aliyekusomesha chuoni, na kumkanya kwa kauli yako mwenyewe huonekana kumvunjia heshima. Karatasi iliyoafikiwa na wote humwondolea msimamizi lawama hiyo. Malalamiko yapokewe na watu wawili wasiohusika na mchezo ule, mmoja wao akiwa mwanamke, ili wasichana nao wapate wa kumwambia. Wasikilize kila upande peke yake, kisha waanze kwa kumkanya mkosaji faraghani. Nasisitiza faraghani, kwa maana mtu aliyeaibishwa mbele ya hadhira ama harudi, ama hurudi na kinyongo. Akirudia, asimamishwe kwa muda uliotajwa kwenye kanuni zenyewe, wala usipunguzwe kwa ajili ya ukoo wake.

Lipo moja lisilo na sulhu ya klabu. Mtoto akidhuriwa, au akitendewa jambo la aibu, hilo si la kumalizwa na wazee barazani. Lipelekwe polisi au kwa afisa wa watoto, na nambari ya 116 hupigwa bila malipo kote Kenya, hata kama anayetuhumiwa ndiye aliyeinunulia klabu mbao na saa zake zote.